Dhahabu ya Jangwani na Pembe za Ujiji: Tunachokisifu na Tunachokinyamazia

  

Kijana wa Kiislamu wa nyanda za juu za Kigoma, awe wa Kasulu, wa Kibondo au wa huku kwetu Rungwe Mpya, anapofika sekondari hukutana na historia mbili za biashara ya masafa marefu. Ya kwanza huisoma kifua mbele. Ni habari za Ghana, Mali na Songhai, dhahabu ikivuka jangwa la Sahara kwa ngamia, Mansa Musa akienda Hija na Timbuktu ikijaa vitabu. Ya pili huisoma ameinamisha kichwa. Ni habari za misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, pembe za ndovu na watumwa. Katika historia ya kwanza Muislamu ameshika kalamu na mizani. Katika ya pili Muislamu huyo huyo ameshika mnyororo. Kipindi kikiisha, wenzake humuuliza swali ambalo sote tunalijua, na yeye hana jibu isipokuwa kukasirika.

Maandiko yetu wenyewe Waislamu hayajamsaidia. Vijitabu vingi vinavyouzwa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa vinaisifu historia ya kwanza bila kuichunguza, na ya pili vinaipita kimya kimya au kuitupia lawama zote kwa wamisionari. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki historia hizi mbili pamoja na kwa mizani moja, kwani si uadilifu mtu kuwa na kibaba cha kununulia na kibaba kingine cha kuuzia. Tutawatazama al-Bakri, Ibn Battuta na Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu kwa upande wa jangwani. Kwa upande wetu tutakitazama kitabu ambacho wengi wanakitaja na wachache wamekisoma, nacho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Dola zilizokula ushuru

Husemwa kwamba biashara ya jangwani ndiyo iliyozijenga dola za Sudani ya Magharibi. Kauli hiyo ni ya kweli nusu. Biashara peke yake haijengi dola. Kama ingejenga, basi Wamasufa waliokuwa wakiwaongoza wasafiri jangwani ndio wangekuwa wafalme. Kilichozijenga dola zile ni ushuru unaojulikana, njia yenye amani, na uaminifu kati ya watu wasioonana.

Abu Ubayd al-Bakri aliandika kitabu chake huko Andalusia mwaka 1068, wala hakupata kufika Ghana. Alikusanya habari kwa wasafiri na kwa maandishi ya waliomtangulia. Anaeleza kwamba mfalme wa Ghana alitoza dinari moja ya dhahabu kwa kila mzigo wa punda wa chumvi unaoingia nchini, na dinari mbili kwa kila mzigo unaotoka. Vipande vikubwa vya dhahabu vilivyopatikana machimboni vilikuwa mali ya mfalme, na raia waliachiwa dhahabu ya unga, ili dhahabu isizagae ikakosa thamani. Mfalme yule hakuwa Muislamu. Hata hivyo mji wake ulikuwa na sehemu ya Waislamu yenye misikiti 12, pamoja na maimamu, waadhini na mafakihi. Tunapenda wasomaji wakae kidogo hapa. Mfalme asiyekuwa Muislamu aliwahitaji Waislamu kwa hesabu, kwa maandishi na kwa sheria ya mikataba. Fiqhi ya biashara ilitangulia kuingia katika baraza la mfalme kabla ya shahada kuingia.

Ibn Hawqal, aliyesafiri Afrika Kaskazini katikati ya karne ya 10, anasimulia kuona hati ya deni la dinari 42,000, ambazo mtu wa Awdaghust alikuwa akidaiwa na mtu wa Sijilmasa. Mji mmoja uko upande huu wa jangwa na mwingine upande ule, na katikati ni mwendo wa miezi. Hati ile ilikuwa na thamani kwa sababu kadhi wa Sijilmasa na fakihi wa Awdaghust walihukumu kwa kanuni moja. Wanafunzi wetu wanaosoma mlango wa qiradh na wa hawala katika vitabu vya fiqhi, wakidhani ni mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na wajue kwamba milango hiyo ndiyo iliyovusha dhahabu jangwani. Ngamia alibeba tu.

Lakini ushuru una udhaifu wake, kwani mwenye kuishi kwa njia hufa njia inapohama. Awdaghust ilitekwa na Murabitun mwaka 1054 na ikapungua, Walata ikapanda, kisha Timbuktu. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome Elmina katika pwani ya Ghana ya leo, na sehemu ya dhahabu ikaanza kuelekea baharini badala ya jangwani. Mwaka 1591 jeshi la Sultani wa Morocco likavuka jangwa na kuivunja Songhai katika vita vya Tondibi. Hapa pana jambo ambalo vijitabu vyetu hulipita mbio: jeshi lile lilikuwa la Waislamu, na dola iliyovunjwa ilikuwa ya Waislamu. Dhahabu iliyokuwa ikitafutwa haikupatikana kwa wingi uliotarajiwa, kwa kuwa machimbo yalikuwa mbali zaidi kusini, nje ya mikono ya Songhai yenyewe.

Kile ambacho Ibn Battuta alikiona

Kila mhadhiri anayezungumzia Mali humtaja Ibn Battuta, aliyetoka Sijilmasa mwaka 1352. Hutajwa jinsi alivyoshangazwa na amani ya nchi ile, watu walivyowahi msikitini Ijumaa hata kutanguliza vijana wao na miswala ili kushika nafasi, na wazazi walivyowafunga watoto wao pingu mpaka wahifadhi Qur'ani. Yote hayo yamo katika safari yake na ni kweli aliyasema.

Yamo pia mengine. Alipofika Taghaza baada ya siku 25 za mwendo, aliona kijiji ambacho nyumba na msikiti wake vimejengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Anasema hakuna wanaoishi hapo ila watumwa wa Wamasufa wanaochimba chumvi, na chakula chao ni tende na nyama ya ngamia vinavyoletwa kutoka mbali. Anataja bei pia. Mzigo wa chumvi uliouzwa Walata mithqali 8 hadi 10 uliuzwa katika mji mkuu wa Mali mithqali 20 hadi 30, na mara nyingine hadi 40. Basi tujiulize faida ile ilianzia wapi. Ilianzia katika mikono ya watumwa wa Taghaza, ambao maji yao ya kunywa yalikuwa ya chumvi. Na alipokuwa akirejea kwao kutoka Takedda mwaka 1353, Ibn Battuta alifuatana na msafara uliokuwa na wajakazi 600. Analiandika hilo katika mstari mmoja, kisha anaendelea na habari nyingine.

Hatusemi haya kumshutumu msafiri yule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliandika alichokiona, na kwa kuandika ametutendea wema kuliko sisi tunaomnukuu nusu. Lawama yetu ni kwa mwandishi wa leo anayechukua sala ya Ijumaa na kuacha wajakazi 600. Huyo amekata ushahidi vipande, na katika fiqhi tunajua hukumu ya shahidi anayeficha sehemu ya alichokiona.

Wala si kweli kwamba jambo hili halikuwasumbua wanachuoni wa zama zile. Mwaka 1615 watu wa Tuwat, ambayo ni miji ya oasisi katikati ya njia ya misafara, walimwandikia Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu. Waliona watumwa wengi wakipitishwa kwao kutoka nchi za Sudani ambazo zinajulikana kuwa za Kiislamu, wakataka kujua hukumu ya kuwanunua. Jibu lake ni risala mashuhuri iitwayo Mi'raj al-Su'ud. Na ikumbukwe nani aliyekuwa akijibu. Ahmad Baba mwenyewe alikamatwa na jeshi la Morocco mwaka 1593, akavushwa jangwa akiwa mfungwa hadi Marrakesh, vitabu vyake 1,600 vikaporwa, na hakurudi Timbuktu mpaka mwaka 1608. Alipoandika kuhusu mtu anayevushwa jangwa kwa nguvu, hakuwa akiandika kwa kusikia.

Anasema nini? Rangi ya mtu si sababu ya utumwa, na kisa kinachodai kwamba watu weusi wamelaaniwa kupitia kwa Ham mwana wa Nuhu hakina msingi, na hapo anamtegemea Ibn Khaldun aliyekwisha kukikanusha. Sababu pekee ya kisharia ni mtu kuwa kafiri na kutekwa katika vita halali. Aliyekuwa Muislamu kabla ya kutekwa ni huru, awe mweusi au mweupe. Mwenye kununua hana ruhusa ya kufumba macho. Ni juu yake kuuliza mtu huyu ametoka wapi na ametekwa vipi.

Mhakiki mwadilifu hataishia hapo. Fatwa ile ina mpaka wake. Ahmad Baba alitaja pia makabila ambayo kwa maoni yake hayakuwa ya Kiislamu, na hao hakuwaweka katika kinga ile. Kwa mfanyabiashara mjanja, orodha hiyo ilikuwa leseni. Baadhi ya waandishi wetu huichapisha fatwa hii kama tangazo la kufuta utumwa. Sivyo. Ilikuwa uzio, na uzio ule ulikuwa na mlango. Lakini nguzo yake ni imara, na ndiyo tutakayoipeleka Ujiji: asili ya mwanadamu ni uhuru, na anayedai kinyume chake ndiye mwenye kuleta ushahidi.

Chumvi yetu na barabara yetu

Huku kwetu hakukuwa na jangwa, lakini chumvi ilikuwapo. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, palipo na makutano ya mto Rusugi na mto Malagarasi, zilichemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale katika miaka ya 1960 ulionyesha kazi hiyo ikifanyika tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Maana yake ni kwamba moto ulikuwa ukiwaka chini ya vyungu vya Uvinza kabla Mtume (s.a.w.) hajazaliwa, na kabla al-Bakri hajaandika neno juu ya Ghana. Chumvi hiyo ilifika Buha, Burundi, Ujiji na Unyamwezi. Watemi wa Uvinza walichukua fungu lao, kama mfalme wa Ghana alivyochukua dinari yake. Mwanafunzi wa Kasulu anayekariri Taghaza bila kuijua Uvinza amefundishwa kutazama mbali akaruka mlango wa jirani.

Wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, walifika Ujiji karibu mwaka 1840, na Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kazeh, ikawa makao yao karibu mwaka 1852. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba, na Ujiji Februari 1858. Njia haikuwa yao. Waliifuata iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi, ambao walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla ya mtu wa pwani kupanda bara.

Tofauti kubwa na jangwani ni mbung'o. Mdudu huyo aliwazuia ngamia, punda na ng'ombe kuwa wanyama wa safari katika njia nyingi za bara. Basi mahali pa ngamia paliwekwa bega la mtu. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chakula chake na mkeka wake. Wengi wa wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira, na inafaa tulisisitize hilo kwa kuwa picha za vitabuni huwaonyesha wote wamefungwa minyororo. Waliofungwa walikuwapo. Lakini kumfanya kila aliyebeba mzigo kuwa mtumwa ni kuwadhulumu watu waliojulikana hadi pwani kwa kazi yao na waliogoma pale ujira wao ulipopunjwa.

Na palikuwa na hongo. Stanley, alipokuwa akipita Buha mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alisimamishwa na mtwale aitwaye Mionvu, akadaiwa doti 100 za nguo. Baada ya mabishano alilipa 75. Hakwenda mbali akadaiwa tena na mwingine, na mwisho akaamua kupenya usiku kwa siri ili asilipe zaidi. Kitabu chake kinawaita Waha wanyang'anyi, na vitabu vilivyofuata vikarithi neno hilo. Tunauliza: forodha ya Zanzibar ilitoza asilimia 5 ya bidhaa zilizoingia na hakuna msafiri aliyeiita unyang'anyi. Mfalme wa Ghana alitoza dinari na vitabu vinamwita mwenye hekima. Mtwale wa Buha akitoza doti kwa kupita katika nchi yake, je, ni kwa nini awe mwizi?

Tofauti ya kweli ipo, lakini si ya tabia. Ni ya mpangilio. Ghana ilikuwa na kiwango kinachojulikana na mkono mmoja unaokusanya. Buha ilikuwa na falme kadhaa, Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, na ndani ya kila moja watwale walitoza kwa mapatano. Mfanyabiashara hakujua atalipa mara ngapi. Kwa hiyo misafara mingi ilipendelea kuzunguka kusini kwa njia ya Uvinza, nako vivuko vya Malagarasi vikawa mlango wa mapato ya mtemi wa huko. Hongo ya Buha iliifukuza misafara ambayo ingeilisha. Hilo ni somo la siasa ya mapato, na ni la thamani zaidi kwa vijana wetu kuliko matusi ya Stanley.

Maisha ya Tippu Tip

Sasa tuje katika kitabu chenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837 na akafariki huko huko mwaka 1905. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mtu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili cha nathari. Kwa lugha, ni hazina. Sentensi zake ni fupi na hazina mapambo. Mtu anasema kama anayetoa hesabu barazani. Anajua bei ya pembe kila mahali, anajua nani alimkopesha na kwa masharti gani, na hamfichi Taria Topan, Mhindi tajiri wa Zanzibar ambaye mtaji wake ulisukuma misafara mikubwa. Anayetaka kujua uchumi wa misafara ulivyokwenda hatapata shahidi bora.

Lakini ni kitabu cha namna gani kwa Muislamu anayekitafuta ili ajivune? Tumekisoma kwa jicho hilo na tunasema wazi: si kitabu cha daawa. Pembe zimo kila ukurasa. Dini inatajwa kwa nadra, zaidi kama desturi ya mtu wa pwani kuliko kama ujumbe anaoupeleka. Mwandishi hajisifu kwa kujenga msikiti wala kwa kuanzisha darasa. Anajisifu kwa kumshinda Nsama wa Itabwa na kuchukua akiba yake ya pembe. Anajisifu, tena kwa ucheshi, jinsi alivyopata utawala wa Utetera kwa kumwaminisha mtemi mzee Kasongo Rushie kwamba wana udugu wa damu kupitia kwa bibi yake. Msomaji hucheka, kwani amesimulia vizuri. Lakini fakihi ataliita jambo hilo kwa jina lake: ni udanganyifu uliompatia mtu mamlaka na mali ya watu.

Halafu kuna mateka. Vita alivyopigana si jihadi kwa sharti lolote kati ya masharti ya mafakihi. Hapakuwa na imamu aliyeitangaza, hapakuwa na wito wa Uislamu uliotangulia, na lengo linasemwa bila kuficha kuwa ni pembe. Mtu aliyetekwa katika vita kama hivyo ni muungwana aliyeibwa. Hapa hatuhitaji sheria za Waingereza wala mahubiri ya wamisionari. Katika Sahih al-Bukhari, mlango wa biashara, imo hadithi qudsi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.) juu ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Kwa kipimo cha Ahmad Baba pia, ambaye alihitaji ushahidi juu ya kila mateka, masoko ya Nyangwe na Ujiji yasingesimama siku moja.

Tunajua majibu yanayotolewa. Husemwa kwamba Wazungu walifanya makubwa zaidi katika Atlantiki. Ni kweli, na ni hoja ya kumjibu Mzungu, si hoja ya kumjibu Mola. Husemwa kwamba mtumwa katika nyumba ya Muislamu alitendewa wema. Wapo waliotendewa wema, na sharia iliamrisha hivyo. Lakini wema wa nyumbani hauhalalishi wizi wa njiani, kama vile kumlisha vizuri mbuzi wa kuiba hakumfanyi kuwa wako. Husemwa kwamba machifu wa bara ndio waliouza. Walikuwapo waliouza. Mnunuzi naye ana hisabu yake.

Kwa upande mwingine, vitabu vya shule vinavyoiita biashara hii "biashara ya Waarabu" navyo vinakata ushahidi vipande. Nguo iliyolipia pembe iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Pembe zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Watumwa wa kusini walinunuliwa na Wafaransa kwa mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Na mwaka 1887 ni Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejitangaza mpinga utumwa, aliyemteua Tippu Tip kuwa gavana wake huko Stanley Falls. Mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871, ambayo Livingstone aliyashuhudia na ambayo yalifanywa na watu wa msafara wa pwani, husomeshwa, na yasomeshwe. Lakini piano nayo isomeshwe.

Waliobebwa ndio waliobeba

Kosa kubwa la pande zote mbili, wanaosifu na wanaolaumu, ni kudhani kwamba Uislamu wa bara uliletwa na wakubwa wa pembe. Mwinyi Kheri alikaa Ujiji miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1885, na Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, akashika nafasi yake mpaka nguvu yake ilipovunjwa na Wabelgiji mwaka 1894. Katika siku zao Uislamu haukutoka sana nje ya Ujiji na vituo vya njiani. Ulienea zaidi baada yao, na waliouchukua hawakuwa wao.

Mfano ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa huko Manyema, mashariki ya Kongo, akachukuliwa akiwa mtoto na kufikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Kwa miguu, tukumbuke, na kwa njia ile ile ya Ujiji. Huko Bagamoyo akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na hadi alipofariki mwaka 1931 watu wa bara na pwani walikuwa wakimiminika kwenye maulidi yake, waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa wakikaa mkeka mmoja. Mwenye kutaka kumlinganisha mtu wa kwetu na Ahmad Baba asimtafute katika orodha ya wenye pembe. Amtafute hapo: mtu aliyevushwa kwa nguvu akaishia kuwa mwalimu wa waliomvusha.

Nao Wamanyema wa Ujiji, ambao wengi wa wazee wao walivuka ziwa wakiwa mateka, wapagazi au wafuasi wa misafara, ndio waliozijaza saf za misikiti ya mji ule, na katika Dar es Salaam msikiti mmoja wa Kariakoo unaitwa kwa jina lao hadi leo. Kijana anayeulizwa darasani kama dini yake ni ya wauza watumwa ana haki ya kujua kwamba katika nchi hii ni dini ya waliouzwa pia, tena kwa wingi zaidi.

Kwa waalimu wa madrasa tunapendekeza jambo la vitendo. Kitabu cha Tippu Tip kisomwe na wanafunzi wakubwa, kisifichwe, na kisomwe sambamba na maelezo ya Mi'raj al-Su'ud. Kila vita anayoisimulia mwandishi, mwanafunzi aulizwe masharti ya Ahmad Baba yametimia au hayakutimia. Kazi hiyo itawafundisha mlango wa biashara na mlango wa jihadi kwa pamoja. Na kwa kuwa Maisha hayasemi habari za vyungu vya Uvinza wala za watwale wa Buha waliosimama njiani kudai doti zao, wanafunzi wa Kasulu na Kibondo wawaendee wazee waliosalia, waandike majina ya vivuko, ya masoko ya chumvi na ya njia zilizokuwa zikipita kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914 na kuzifanya zote kuwa pori.

Wallahu aalam.